"Inverse": je, uvimbe wa mume wangu umegeuka?

SWALI: Jambo sana, Mama Muuguzi. Tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mume wangu ana miaka 58. Kabla ya Pasaka alianza kukojoa damu, bila maumivu. Kwenye kituo cha afya walisema ni bilharzia (kichocho) kwa sababu alikulia kando ya mto Lufira, wakampa vidonge. Damu ikakatika wiki mbili, ikarudi, na mkojo ukawa unatoka kwa kusitasita. Ekografia (ultrasound) ikaonyesha kitu ndani ya kibofu. Wamekitoa bila kumpasua tumbo. Sasa karatasi ya labo imekuja: "papiloma inverse, hakuna dalili ya saratani". Kijana wetu anasema inverse ni kugeuka. Shemeji aliposikia alianza kulia: umegeuka! Tangu Jumapili mume wangu hataki kula. Niambie ukweli.
Mama wa Katuba

JIBU: Jambo sana, mama. Naanza na neno hilo, maana ndilo linalomnyima mzee chakula.

Sisi tukisema uvimbe umegeuka, tunajua tunachosema: umeharibika, umekuwa saratani. Aliyeandika inverse hakusema hivyo. Alikuwa anaeleza umbo. Papiloma ni aina ya kiuvimbe. Ile ya kawaida huota ikitokeza kwenye uwazi wa kibofu, kama vidole vidogo vinavyoelea katika mkojo. Ya mume wako imeota kwa kushuka chini ya ngozi laini inayotandika kibofu, na juu kukabaki laini. Chukua soksi, usukume ncha yake kwa ndani. Ni soksi ileile, imeelekea upande wa pili tu. Msuli wa kibofu haikuugusa. Jina hilo lilitolewa na Potts na Hirst mwaka 1963, kwa sababu ya umbo hilohilo.

Ni ugonjwa wa nadra, haufiki 1 katika kila vimbe 100 za kibofu, na huwapata zaidi wanaume wa umri wa mzee wako. Hupenda kukaa karibu na shingo ya kibofu, ndiyo maana mkojo ulikuwa unasitasita.

Mimi nimeuguza wagonjwa wa kibofu miaka mingi, na jambo la vidonge bado linaniuma. Bilharzia ipo Katanga, kweli, na inatoa damu kwenye mkojo. Lakini ipimwe! Mkojo wa kutafuta mayai yake huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati yanapotoka kwa wingi. Nilimpokea baba mmoja aliyemeza vidonge hivyo mara tatu bila kupimwa hata mara moja. Alipofika kwetu ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshashika msuli. Mzee wako amepata bahati ya kufanyiwa ekografia mapema.

Kurudi kwa papiloma hii ni nadra ikiwa imetolewa yote. Hata hivyo, daktari akimpa siku ya kuchunguzwa tena kibofu kwa kamera, aende, hata kama anajisikia mzima. Kuna saratani zinazoota kwa mtindo unaofanana na huu. Kwa hiyo karatasi ya labo msiitupe. Iwekeni pamoja na vyeti vya watoto, na kila daktari mpya aione.

Kwa sasa anywe maji ya kutosha. Wiki ya pili au ya tatu anaweza kuona damu kidogo tena, kigaga kinapobanduka kwenye kidonda. Hiyo isiwatishe. Ila akitoa mabonge ya damu, akishindwa kukojoa au akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Na kijana wenu hakukosea Kifaransa chake, msimgombeze. Leo jioni songa bukari, umwite huyo kijana, amsomee baba yake maneno yale yanayofuata baada ya inverse: hakuna dalili ya saratani.