Kabla Hujamwambia Mzee Kuwa Hutaki Jikoni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, baba anang'ang'ania nirithi mgahawa wake, na mimi nimesomea uhasibu. Nimwambieje?" Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Mimi nilishamwambia mama yangu, tena vibaya.

Kazi yangu ya kwanza San Francisco ilikuwa kuosha vyombo kwenye mgahawa wa familia moja ya Kichina. Babu yao alitoka Taishan, mkoa wa Guangdong, wakati sheria ya Marekani ya 1882 imewafungia mlango vibarua wa Kichina. Akaingia kama "mtoto wa karatasi", yaani mwana wa kwenye makaratasi tu. Moto uliofuata tetemeko la 1906 ulikuwa umeteketeza kumbukumbu za uzazi za mji, kwa hiyo wapo waliojiandikisha kuwa wazaliwa wa pale, yaani raia ambao watoto wao waliruhusiwa kuingia, kisha wakauza nafasi za wana wasiokuwapo. Mpaka leo jina la familia kwenye leseni si la ukoo wao.

Na wala hakufungua mgahawa kwa mapenzi ya mapishi, jamani. Kuanzia 1915 mwenye mgahawa aliweza kuhesabiwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara aliruhusiwa kwenda kwao, akarudi, hata akaleta mke. Dobi hakuruhusiwa. Karai ndilo lilikuwa viza yao. Sheria ile ilifutwa 1943, karai likabaki motoni.

Haya nilisimuliwa na bibi wa nyumba tukikunja wontoni (mimi nikiziita sambusa, naye akicheka). Mjukuu wake alikataa kazi ile, akaenda chuo. Siku moja akarudi na mizani ndogo. Kila bibi alipochota chumvi kwa kiganja, binti anamdaka mkono juu ya sufuria, chumvi inamwagwa kwenye mizani, inaandikwa, ndipo inaingia mchuzini. Bibi alitukana kwa Kitaishan asubuhi nzima. Binti hakuwahi kushika karai, lakini daftari analo.

Basi mdogo wangu, kataa kazi ukitaka, mapishi usiyakatae. Nenda na mizani. Pima, andika, pima tena. Na nyie wazazi, mtoto anayehudumia meza mlipeni, msimwambie "ni yako hii" miaka ishirini bila senti. Vijana wa leo tunaona haya moshi uliotusomesha! Tunaona haya, halafu Idd tunatafuta ladha ya nyumbani kwenye simu.

Mama alikuwa na kibanda Ngamiani, Tanga. Aliponiomba nirudi nikakishike, nilimjibu, "Sikuja Marekani kunuka vitunguu." Na saa ile nguo zangu zinanuka vitunguu vya Mchina. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Idd iliyopita nilijaribu mkate wake wa kumimina kwa mara ya tano. Ulibonyea katikati, kama mingine minne. Kipimo chake cha mchele kilikuwa kikombe cha bluu kilichokatika mkono. Nikampigia dada kumuuliza kilipo. Kilitupwa, anasema, walipokuwa wakisafisha nyumba baada ya arobaini.