Mtoto hali, tumeandikiwa kwenda kwa mwanasaikolojia: yaliyotukuta sisi

Pole sana, kaka. Umesema binti yako ana miaka 3, anaishi kwa maziwa na biskuti za aina moja, vipimo vyote vimetoka safi, na sasa daktari amewaandikia barua ya kumwona mwanasaikolojia. Ukauliza, "Kwani mwanangu ana kichaa?" Hana. Barua kama hiyo mimi niliikunja nikaisahau makusudi kwenye mkoba kwa miezi 2, maana nilihisi naambiwa kwa adabu kuwa nimemdekeza mtoto. Miezi hiyo 2 naijutia mpaka leo.

Wangu alizaliwa njiti. Wiki za mwanzo alilishwa kwa mpira wa puani. Baadaye ikawa kucheua kila akinyonya, analia huku amejipinda mgongo kama upinde. Dawa zikamtuliza. Kisha akiwa na miezi 11 akapaliwa na kipande cha tofaa, midomo ikabadilika rangi, tukampiga mgongoni mpaka kikatoka. Tangu siku hiyo, ukibana tu kile kitrei cha kiti chake, ka!, mdomo unafungwa. Chakula chenyewe bado kiko jikoni! Koo lilikuwa limepona kitambo. Kilichobaki ni ile ka!

Hapo ndipo mwanasaikolojia anapoingia. Mtoto hakai akawaza kwamba chakula ni hatari, mwili wake umeshakariri tu: kiti, kijiko, maumivu. Na hofu ikipanda, hamu ya kula inashuka. Daktari mmoja alituambia, "Mwacheni, akisikia njaa atakula." Kwa watoto wengi ni kweli, hasa wale wanaochagua-chagua kati ya miaka 2 na 6, umri ambao kuogopa chakula kigeni ni jambo la kawaida. Kwa wangu haikuwa kweli. Tulijaribu siku 2, uzito ukashuka na mdomo haukufunguka.

Lakini usiende kwa mwanasaikolojia kama mbadala wa wengine. Mwaka 2019 wataalamu walikubaliana maana moja ya tatizo hili: mtoto hali inavyolingana na umri wake kwa wiki 2 au zaidi, na chanzo kinatafutwa sehemu nne, yaani ugonjwa wa mwili, lishe, ustadi wa kutafuna na kumeza, na upande wa nafsi na mahusiano. Mara nyingi zinakuwa zimefungamana. Kwa hiyo kama binti yako anakohoa akinywa, sauti inakuwa na majimaji baada ya kula, au anapata nimonia za kujirudia, rudi kwanza kwa daktari na mtaalamu wa kumeza. Hofu ya mtoto ambaye kweli anaumia siyo hofu ya kumwondolea.

Siku ya kwanza nilitegemea mwanasaikolojia acheze na mtoto. Akaomba video ya mlo mmoja wa nyumbani. Tukaitazama pamoja na akawa anaisimamisha. "Ona hapa, amegeuza macho." Akaachia kidogo. "Hapa kageuza kichwa." Akaachia tena. "Hapa kasukuma kijiko kwa mkono." Kisha mtoto akapiga kelele, na kwenye video mimi nikaondoa sahani haraka. Akaniuliza, "Umeona amejifunza nini?" Niliona. Alikuwa ameniambia "basi" mara tatu kwa upole nikamfuata na kijiko, akapiga kelele mara moja nikamsikiliza. Nani asingepiga kelele? Halafu nikahesabu neno "kula" kwenye dakika 4 zile. Mara 31. Nilitamani kujificha chini ya meza.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ilikuwa yangu. Mlo usizidi dakika 30, kati ya mlo na mlo saa 2 na nusu hadi 3 bila kudonoadonoa wala maziwa ya kumbembelezea. Nisimwambie ale. Macho na kichwa vikigeuka, namjibu hapo hapo: "Sawa, umeshiba," kabla ya kelele. Na kumpima uzito marufuku nyumbani, wanampima kliniki. Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote, maana nilikuwa nampima kila asubuhi, na namba ikishuka mikono yangu inatetemeka na kijiko kinatetemeka nayo.

Dawa ya pili ndiyo ya hofu yenyewe. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto wa karibu miaka 3 aliyeitwa Peter, aliyeogopa sungura. Alikuwa akipewa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali chumbani, na taratibu sungura akasogezwa, mpaka Peter akamshika. Sasa geuza: kwetu sisi chakula ndicho sungura. Yai la kuchemsha lilianza kukaa mwisho wa meza huku yeye anachora. Halafu likakaa kwenye sahani yangu, kisha kwenye sahani ya pembeni yake. Akaligusa kwa kijiko, siku nyingine kwa kidole, akanusa, akalibusu na kucheka. Akalilamba. Akaling'ata na kulitema, na kutema tulikuwa tumemruhusu tangu mwanzo, kuna bakuli lake. Kumeza kulikuja wiki ya sita. Akigoma ngazi moja tunarudi ya nyuma, hakuna anayenuna.

Zawadi je? Tulimpa stika kwa kugusa na kulamba, yaani kwa ujasiri. Ile ya "maliza mboga upate keki" tulikatazwa, kwa sababu mtoto anajifunza kuwa mboga ni adhabu na keki ndiyo chakula. Na simu mezani, najua mnaitumia, sote tumeitumia. Anameza bila kujua anameza, kwa hiyo hajifunzi lolote kuhusu chakula. Tuliipunguza dakika moja moja, tusingeweza kuikata kwa siku moja.

Utasikia pia kuhusu njia ya kijiko kukaa mdomoni bila kuondolewa mpaka mtoto akubali. Imefanyiwa utafiti mwingi na ipo kwenye programu za hospitali, ikisimamiwa na watu waliofunzwa. Usiijaribu nyumbani. Nyumbani inaitwa kumlisha kwa nguvu, hata ukiipa jina zuri.

Kuhusu jina la ugonjwa, usihangaike sana. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wana utambuzi rasmi wa watoto na watu wazima wanaokwepa chakula kwa hofu, kwa hisia kali za ladha na mguso, au kwa kukosa hamu, bila shida yoyote na umbo la mwili wao. Ni vizuri kujua kundi la wako ni lipi, maana wa hofu na wa mguso hawapandishwi ngazi kwa namna moja. Mtoto anayeshindwa na utelezi wa mtindi hana kumbukumbu mbaya ya kufuta, ana ulimi unaohisi kupita kiasi.

Ukienda, nenda na mama yake au yeyote anayemlisha zaidi, mkakubaliane sheria moja. Sisi baba yake aliendelea na ule mchezo wa kurusha kijiko kama ndege mpaka mdomoni wiki 3 nzima nikiwa kazini, na tukarudi nyuma wiki 3. Beba video ya mlo wa kawaida, usiipambe. Muulize mwanasaikolojia atazungumza vipi na daktari na mtu wa lishe. Akisema hana haja nao, tafuta mwingine.

Umeuliza itachukua muda gani. Sisi miezi 14, kutoka vyakula 3 hadi 17. Tofaa bado hali, ila juzi alilishika akampa mdogo wake.