Upana Kwanza, Ulaini Baadaye: Kuchagua Kiti cha Baiskeli

Kwa karibu miaka miwili niliamini kwamba anayeendesha baiskeli hana budi kuumia makalio, na kila maumivu yalipozidi nilitafuta kiti laini zaidi. Kilicho laini kuliko vyote ndicho kilichonitesa kuliko vyote. Nusu saa ya kwanza kilikuwa kama godoro. Kisha mifupa ikazama, sponji ikafura katikati na kubana sehemu za siri hadi zikafa ganzi. Ganzi hiyo isivumiliwe kamwe, kwa sababu ni dalili kwamba mishipa ya fahamu na ya damu inagandamizwa.

Uzito wa mwili unapaswa kubebwa na mifupa miwili ya chini ya nyonga, ile unayoihisi ukikaa kwenye benchi gumu, na umbali kati yake haujulikani kwa kutazama unene wa mtu. Nilipima kwa kipande cha boksi: nilikiweka juu ya stuli ngumu, nikakikalia huku nimeinama mbele kidogo, nikajivuta chini kwa mikono miwili, kisha nikainuka na kupapasa mpaka nikayapata mabonde mawili, nikatia alama katikati ya kila moja. Kati ya alama hizo palikuwa na milimita 125, ilhali kiti changu kilikuwa na upana wa milimita 130 tu, maana yake mifupa ilikuwa imekalia kingo zinazoteremka. Kwa kawaida huongezwa milimita 20 hadi 30 juu ya kipimo hicho, na anayeendesha akiwa wima huhitaji upana zaidi kuliko anayeinamia usukani. Nilichagua cha milimita 150, kigumu kiasi, na ganzi ikaisha.

Hata hivyo, kiti kizuri kilichofungwa vibaya bado huumiza. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba kila pedali inaposhuka, na hapo ndipo michubuko ya mapaja huanzia. Ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kulalia upande mmoja. Pua ya kiti ianze ikiwa sawa kwa pimamaji, kwani ikiinuka inabana, na ikiinama sana unateleza mbele hadi mikono ichoke. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, milimita chache, na utie alama ya kalamu kwenye nguzo ya kiti kabla ya kulegeza bolti, ili uweze kurudi ulikotoka.