Jibu: Tsuba ya chuma yenye saini ya Nobuie

Ndugu, umeuliza kama tsuba yako ya chuma (kile kibao cha kukinga mkono kwenye upanga wa Kijapani), yenye saini ya Nobuie, fundi mashuhuri wa tsuba, ni ya kale kweli, na kama uisugue ili kutu itoke. Tafadhali usiisugue: ile rangi nyeusi iliyokolea juu ya chuma ni sehemu kubwa ya thamani yake, na brashi ya waya huiondoa kwa dakika chache tu.

Kuhusu saini, mimi nisingeitegemea, kwa kuwa jina la Nobuie ni miongoni mwa yaliyoghushiwa mno, tangu zama za Edo za Japani (1603–1868) zenyewe. Anza na tundu la katikati linalopitisha shina la upanga, yaani sehemu inayoingia kwenye mpini. Tsuba iliyowahi kufungwa kwenye upanga mara nyingi huwa na alama za patasi kwenye kingo za tundu hilo, au vipande vidogo vya shaba vilivyopachikwa juu na chini ili shina likae imara. Kisha mulika kuta za ndani za matundu yote, ukitumia kioo cha kukuzia: ukiona mstari mwembamba wa maungio, au vishimo vya mapovu, shuku kwamba ni nakala iliyomiminwa kwenye kalibu, maana mafundi wa kale walifua chuma kwa nyundo, kisha wakachonga nakshi kwa patasi na tupa.

Picha ulizoweka zinaonyesha uso tu. Weka za ukingo na za ndani ya tundu kabla ya kufikiria kuituma Tokyo, kwa NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za sanaa za Japani, kuombewa cheti cha uhalisi.