Tochi ikae ubavuni, si nyuma ya kamera

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini magofu ya Maruhubi, Unguja, uliyoyapiga usiku yametoka bapa, meupe katikati na meusi pembeni. Nadhani ulimulika ukiwa nyuma ya kamera. Jumba lile la Sultan Barghash liliungua mwaka 1899, na uzuri wa mawe yaliyobaki uko kwenye vishimo na nyufa. Hivyo vinahitaji mwanga wa ubavuni.

Weka kamera kwenye stendi: ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), na kamera iendelee kupokea mwanga kwa sekunde 30. Mulika nguzo upate fokasi, kisha zima fokasi ya kujiendesha, la sivyo lenzi itahangaika gizani. Vaa nguo nyeusi, na sekunde hizo 30 zikianza ingia ndani ya picha, ipake nguzo mwanga toka juu hadi chini kama unayepaka chokaa, mkono usitulie. Tochi isiitazame lenzi kamwe. Picha ikitoka nyeusi, rudia kupaka kabla ya kugusa ISO. Mimi hupenda tochi ya njano. Nyeupe huyapa mawe haya rangi ya baridi mno, ya kibuluu.

Omba ruhusa kwanza, tena fika kabla ya magharibi ukague mashimo na mawe yaliyolegea. Usiende peke yako, tafadhali.