Re: Buibui wangu amelala chali, nimtupe?

Habari ndugu. Umesema tarantula wako amelala chali tangu asubuhi, hasogei, na unadhani amekufa. Usimtupe kwanza.

Angalia miguu. Buibui ana misuli ya kuikunja, lakini kwenye viungo viwili vikubwa vya kila mguu hana misuli ya kuunyoosha. Huunyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwili kutoka kifuani. Akifa, msukumo unaisha na miguu yote hujikunja chini ya mwili kama ngumi. Aliyelala chali na miguu imetanuka, mara nyingi anajivua ngozi tu. Wangu hutandika utando kwanza, ndipo anajilaza juu yake.

Usimguse wala kumgeuza. Mdudu uliyemwekea kama chakula mtoe, maana ngozi mpya ni laini na hata chenene anaweza kumtafuna. Ya zamani itapasuka kifuani, kisha ataichomoa miguu taratibu. Inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo subira. Meno yake yatatoka meupe. Usimlishe mpaka yawe meusi kabisa.

Na kama aliwahi kupoteza mguu, hesabu upya: huenda mwingine umeota, ila mwembamba kidogo.