Ukurasa wa 2 huusubiri wa 31: maswali yenu kuhusu uchapaji wa gazeti

Swali: Gazeti ninalosoma ni la tabloidi (umbo dogo), kurasa 32. Habari za usiku nazikuta ukurasa wa mbele na wa nyuma, lakini kurasa za ndani zina mambo ya mchana. Kwani haziandaliwi pamoja?

Jibu: Haziandaliwi pamoja. Chomoa karatasi ya nje ya gazeti lako uitandaze: ukurasa wa 1 umepakana na wa 32, na upande wa pili, wa 2 umepakana na wa 31. Jozi yoyote ukijumlisha namba zake utapata 33. Katika mitambo mingi jozi hiyo hukaa kwenye pleti moja, yaani bamba la alumini la kuchapia. Kwa hiyo msanifu akiwa amemaliza ukurasa wa 2 huku mhariri wa 31 bado anahangaika na kichwa cha habari, pleti haitoki.

Gazeti zima likiwa la rangi, jozi 16 mara wino nne (sayani, majenta, manjano na nyeusi) ni pleti 64. Mashine ya leza huzichoma moja baada ya nyingine, ndiyo maana kurasa hufungwa kwa zamu: makala, katuni na matangazo madogo hutangulia, habari za siku hufuata, na jozi ya 1 na 32 hufunga kazi. Michezo ikiwekwa ukurasa wa nyuma hufaidi muda uleule wa ukurasa wa mbele, na matokeo ya mechi ya usiku huwahi.

Pleti ikishatoka, kosa dogo lina gharama yake. Jina lililokosewa katika maandishi meusi hudai pleti moja tu, ile ya wino mweusi. Jina hilohilo likiwa la herufi nyeupe juu ya picha ya rangi, zote nne hubadilishwa, kwa sababu weupe ule ni nafasi iliyoachwa wazi katika kila wino. Wasanifu wapenda herufi nyeupe hulikumbuka hilo saa tano za usiku.

Swali: Kuna siku picha za rangi zina ukungu, mtu anaonekana ana midomo miwili. Ni kamera?

Jibu: Kamera haina hatia. Hiyo ni rejista iliyopotea, yaani rangi hazikulaliana. Kila rangi huchapwa na yuniti yake, sehemu ya mtambo yenye wino mmoja, na zote nne zinatakiwa kutua mahali pamoja. Zikipishana hata robo ya milimita, jicho linaona. Mpiga chapa hutazama kwa lenzi alama ndogo za msalaba zilizo pembezoni, kisha husogeza silinda kidogokidogo mpaka alama zilaliane. Wakati huo mtambo unazunguka, na mamia ya nakala za mwanzo ni za kutupa. Yako huenda ilipenya.

Sasa chunguza: kama katikati ya karatasi picha ni safi lakini kingoni rangi zimepishana, kisa ni maji. Pleti ya ofseti, aina ya uchapaji tunayoizungumzia hapa, huloweshwa kila mzunguko ili wino usishike pasipo na picha. Karatasi ya gazeti, ambayo ni gramu 45 hivi kwa mita ya mraba, hunywa maji hayo na kutanuka upana kila inapopita yuniti. Rangi ya kwanza imeikuta nyembamba, ya nne inaikuta imeshapanuka. Hapo kusogeza silinda ni kazi bure. Vigurudumu vidogo huisukuma karatasi ifanye mawimbi mepesi ili upana upungue, na maji hupunguzwa. Yakipunguzwa mno nayo, wino hukamata sehemu tupu na ukurasa mzima unaingia utusitusi.

Swali: Kwa nini gazeti linachafua vidole?

Jibu: Wino wake haukaushwi kwa joto. Mafuta yaliyomo hunywewa na karatasi, na sehemu ya rangi hubaki juu bila kushikwa sawasawa. Gazeti lililotoka mtamboni sasa hivi hupaka zaidi ya la jana.

Swali: Ukingoni mwa kurasa kuna vitundu na meno kama ya msumeno. Ni panya wa ghalani?

Jibu: Panya hawapangi vitundu kwa mstari. Karatasi huingia sehemu ya kukunjia ikiwa utepe mrefu usiokatika. Pini huutoboa na kuushika, kisu cha meno huukata, na silinda huubeba hadi penye mkunjo. Katika gazeti la ukurasa mpana alama hizo ziko juu na chini. Katika tabloidi ziko ubavuni, upande wa kufungulia, kwa kuwa ukurasa wa tabloidi ni nusu ya ule mpana, uliolazwa ubavu.

Swali: Tangazo letu lilipendeza kwenye kompyuta, gazetini likatoka giza na maandishi hayasomeki. Tufanye nini?

Jibu: Picha iliyochapwa ni nukta ndogo za wino, nazo hutanuka zikigusa karatasi ya gazeti. Kivuli ulichokipa asilimia 50 huweza kutokea kama 75 hivi, kwa hiyo ing'arishe picha kuliko unavyotamani. Jumla ya asilimia za wino nne (kila mmoja huweza kufika 100) katika sehemu yenye giza zaidi isizidi 240, la sivyo wino utahamia ukurasa unaotazamana nao. Picha iwe na nukta 200 kwa inchi katika ukubwa utakaochapwa. Ukiivuta ndogo iwe kubwa, itachakaa.

Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Programu nyingi, ukigeuza faili la rangi za skrini, huyafanya meusi hayo kuwa mchanganyiko wa wino nne, na rejista ikisogea kidogo tu kila herufi inaota kivuli. Kabla ya kutuma faili, zima tabaka la wino mweusi kwenye kompyuta: maandishi hayo meusi yote yanatakiwa kutoweka. Yakibaki mabaki ya rangi, rekebisha.